Kilobaiti Ilipoingia Nyumbani Kwetu

Amani ilituhama siku shemeji yangu alipoambiwa na ofisi moja ya Kajiado kwamba usaili wake utaanza na maswali hamsini ya kompyuta, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Alirudi Namanga na bahasha ya kaki yenye maswali ya mfano, fotokopi ya fotokopi, na ukurasa wa mwisho ukiwa na majibu. Ukurasa huo ndio uliotugombanisha.

Msidhani shemeji ni mgeni wa kompyuta. Mpaka wetu si ule wa zamani wa kupanga foleni Kenya, uvuke, upange tena Tanzania. Tangu Desemba 2018, Uhuru Kenyatta na John Magufuli walipofungua rasmi kituo cha pamoja, msafiri anahudumiwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Mizigo ilikuwa imeshaanza kuyahama makaratasi tangu 2005, mfumo wa Simba ulipoingia forodhani, na baadaye ukaja iCMS. Shemeji kalelewa humo, kwa wakala wa forodha. Anaingiza entri ya lori la vitunguu huku anakunywa chai na kubishana na dereva, na sistimu ikilala anajua imelalia wapi. Lakini muulize herufi za CPU zinasimamia nini, ataangalia dari kana kwamba zimeandikwa huko.

Mwanangu wa kike yuko kinyume chake. Aliingia darasa la kwanza 2016, mwaka ambao serikali ilianza kugawa tableti katika shule za msingi, badala ya zile laptopu zilizoahidiwa kwenye kampeni za 2013. Zilizofika shuleni kwao zilikaa kabatini kuliko zilivyokaa mikononi mwa watoto. Kwa hiyo kompyuta ameisoma kitabuni: baiti ni biti nane, ubongo wa kompyuta ni CPU, Ctrl na C ni kunakili. Anayamwaga hayo bila kupumua. Mpe kipanya sasa, uone kishale kinavyotangatanga.

Basi yeye akawa mwalimu, baba yake mdogo akawa mwanafunzi, na meza ya chakula ikawa darasa. Sukuma wiki ilipoa ikingoja swali la tisa liishe.

"Skrini ni kifaa cha nini? A, kuingiza data. B, kutoa data. C, kuhifadhi. D, kuchakata."

"A," akasema shemeji.

"Umekosa. Ni B."

Hapo nikaweka mwiko chini. Mimi ni wakala wa M-Pesa, na kutwa nzima nabonyeza namba juu ya kioo cha simu. Kama kioo hicho hakiingizi data, hela za watu naziingiza kwa kitu gani? Mwanangu akanionyesha ukurasa wa majibu: B. Nikamwambia aliyeandika B alikuwa na runinga mbele yake, hakuwa na simu. Swali la namna hiyo lilikuwa halali zamani, skrini ilipokuwa ya kutazamwa tu. Leo lina majibu mawili, na mtahini kaziba jicho moja. Shemeji aliniangalia kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipomlipia faini ya pikipiki.

Koko, mama mkwe wangu, alikuwa akisikiliza huku anatunga shanga. Lilipofika swali la Ctrl na Z akainua kichwa. "Hicho kinafanya nini?"

"Kinatangua ulichofanya mwisho, Koko," mjukuu akamjibu. "Kila kitu kinarudi kilivyokuwa."

"Hata ng'ombe tuliowapeleka Kitengela kwa ajili ya mama yako?"

"Wanarudi, Koko," nikamjibu mimi, "ila na mimi narudi kwetu siku hiyo hiyo."

Akafikiri kidogo, akaangalia sufuria, akasema basi tuache kama ilivyo.

Sasa kuhusu Baba watoto. Yeye hufanya biashara ya mifugo, na hakuna anayeweza kumpunja hata mkia wa mbuzi. Shemeji alimtuma flashi ya kuhifadhia barua zake. Akanunua ya giga 32, akaigeuza mwenyewe juu na chini kama anayekagua meno ya dume, akaileta. Tukaichomeka kwenye kompyuta yetu ya mezani, mtumba wa Nairobi. Ikasoma 29.8.

"Nimeibiwa giga mbili!" Kofia kichwani, huyo. Muuza duka, kwa ustaarabu wake, akambadilishia. Ya pili nayo ikasoma 29.8. Baba watoto akatangaza kwamba wezi ni mtandao mzima kuanzia kiwandani, na kwamba chifu atalisikia jambo hili.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye swali la kumi na saba, ambalo lenyewe lilikuwa limeshatugawa: kilobaiti moja ni baiti ngapi? Karatasi ilisema 1,024. Shemeji alisema 1,000, kwa sababu kilo ni elfu, iwe ya mchele au ya umeme. Mwanangu akataka kuhakikisha kwenye simu, lakini simu ikashika mtandao wa upande wa pili, ikatukaribisha Tanzania tukiwa tumekaa kwenye kochi letu wenyewe. Akaenda kusimama kwenye dirisha la jikoni, ambako Kenya inapatikana vizuri zaidi, akarudi ametulia.

Wote walikuwa na haki. Viwanda huhesabu kwa maelfu: giga moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa kuwa kompyuta hufuata vipeo vya mbili. Akachukua bahasha ya kaki, akaandika bilioni 32 nyuma yake, akagawanya kwa 1,024, akagawanya tena, na tena. Ikatoka 29.8. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme duniani, IEC, lilijaribu kumaliza ugomvi huu kwa kutoa jina jipya, kibibaiti, liwe la 1,024, ili kilobaiti ibaki na elfu yake. Miaka ikapita, na karatasi za mtihani bado hazijapata habari.

Baba watoto alikagua hesabu hiyo mstari kwa mstari. Chifu akasalimika.

RAM na ROM, ambazo shemeji alizichanganya kila jioni, alifundishwa na stima. Alikuwa amekaa tangu alasiri akichapa orodha ya michango ya arusi ya binamu yao, majina na kiasi, bila kubonyeza kuhifadhi hata mara moja. Stima ikapotea. Iliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe.

"Baba mdogo," mwanangu akauliza kwa upole wa kinafiki, "ni ipi inayopoteza kila kitu umeme ukikatika?"

"RAM," akajibu, na hajaikosea tena hadi leo.

Orodha aliirudisha Koko. Aliyataja majina yote akiwa ameketi pale pale na shanga zake, nani alitoa, nani aliahidi, nani aliahidi arusi ya mwaka juzi na bado anadaiwa. Hao wa mwisho hawakuwamo kwenye orodha ya kwanza. Shemeji aliandika akibonyeza kuhifadhi kila baada ya jina, kwa vidole vilivyokuwa vinatetemeka.

Akaenda Kajiado. Swali la skrini lilikuwamo, neno kwa neno. Aliandika B, kwa sababu anataka kazi, halafu pembeni akaongeza kwa kalamu: "na A, ikiwa ni ya kugusa." Wakampigia simu wiki iliyofuata. Kazi ameipata, na bosi, aliyesoma maneno yale ya pembeni, akamkabidhi jukumu la kwanza: kutunga upya maswali ya watakaosailiwa mwakani.

Jana usiku alianza na la skrini. Akalifikiria sana, akaweka majibu manne, akampa mwalimu wake alipime. Mwanangu alilisoma, akachukua penseli, akazungushia duara matatu.

"Haya yote ni sahihi, Baba mdogo."

Koko akauliza kama chakula kitaliwa saa ngapi.