Talaka Tatu na Eda ya Siku 31

Nilimpa talaka ya kwanza Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa nne asubuhi, matooke yakiwa kwenye sigiri na mama mkwe akiwa kibarazani anamenya karanga. Wa kutalikiwa hakuwa mtu. Alikuwa Firefox, kivinjari cha laptop ya nyumba.

Nyumba yenyewe iko Kibuli, mteremko wa chini ya msikiti. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Kampala. Laptop ni ya mtumba, diski yake GB 120, na tunaigombania watu sita. Shemeji yangu, fundi wa mambo haya, ndiye aliyeitia Ubuntu, mfumo huria usiolipiwa leseni, tangu toleo la 20.04, kisha akaipandisha hadi 22.04. Asubuhi ile ilitoa onyo kwamba nafasi iliyobaki haifiki MB 300. Video za kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya wifi yangu sithubutu kuzigusa, kwa hiyo nikatafuta wa kufukuza kwingine.

Humo ndani mlikuwa na vivinjari viwili. Firefox alikuja na nyumba. Chromium aliletwa na kijana wetu wa sekondari, S.3, kwa ajili ya masomo, alivyodai. Nikaona kidiski kile hakiwezi kulisha wake wawili, mmoja aende kwao. Nikamchagua mkubwa. Msiniulize sababu, pengine ni kwa kuwa wa kijana angenililia, na wa zamani nilidhani hana wa kumtetea.

Talaka ya kwanza niliitoa kwa kubofya tu. Nilibana ikoni yake pembeni, nikachagua iondolewe kwenye vipendwa, ikatoweka. Nikaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya ndizi. Kurudi, binti yangu wa miaka minane anaangalia katuni, ndani ya Firefox.

"Umempata wapi huyu?"

"Nimeandika 'fire' tu, Mama. Katokea."

Kumbe nilikuwa nimeondoa picha ya mtu ukutani, mwenyewe nimemwacha kitandani.

Ya pili nikaamua kuitoa kwa maandishi. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika: sudo apt remove firefox. Neno sudo lastahili maelezo. Kwetu talaka iko mkononi mwa mume, na mke akitaka kutoka ana safari ndefu ya kwa kadhi. Lakini mashine hii, ukitanguliza sudo na ukajua nenosiri, inakutii bila kuuliza jinsia. Nikaanza kuandika nenosiri. Kwenye dirisha lile herufi hazionekani, hata nyota hazitokei. Unapiga vibonye na mstari umekaa kimya kama hujafanya kitu. Mama mkwe alikuwa ameingia kuchukua ungo, akasimama nyuma yangu.

"Muka mwana, okola ki?" Mkamwana, unafanya nini?

Nikamjibu kwa Kiganda kwamba namfukuza mmoja humu. Kwa Kiganda, kwa sababu Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi tangu Julai 2022, ila habari hizo hazijamfikia mkwe wangu. Kwake yeye Kiswahili bado ni sauti ya askari anayegonga mlango usiku. Akauliza mashine yenyewe inaitwaje. Nikasema Ubuntu. Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Akataka kujua ni obuntu upi: ule wa obuntubulamu, yaani utu na adabu, au ule wa vitu vidogovidogo, vidude? Kiganda kina vyote viwili kwa neno lilelile. Nikamwambia ni ule wa utu, kalichagua Mwafrika Kusini mmoja, Mark Shuttleworth, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Akatikisa kichwa. Kitu chenye jina hilo, alisema, hakiwezi kukusaidia kufukuza mtu.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Amri ilipokwisha, mashine ilitangaza kwamba firefox ameondolewa, na nafasi iliyopatikana haikufika hata MB moja. Hapo ningepaswa kushtuka. Mke wa miaka yote hiyo aondoke na kifurushi cha kushika kwa vidole viwili? Nikaandika "fire", nikabofya. Firefox akafunguka na kurasa zake zote.

Wawili hawa ni wa rika moja. Ubuntu ya kwanza ilitoka Oktoba 2004, Firefox 1.0 ikatoka Novemba mwaka huohuo, na wameishi pamoja tangu hapo. Kwa miaka mingi Firefox alikuwa kifurushi cha kawaida ambacho apt ilikileta na apt ilikiondoa. Toleo la 22.04 lilipotoka, Aprili 2022, alihamishiwa kwenye vifurushi vya aina nyingine, snap, ambavyo hubeba karibu kila kitu chao ndani na vina mlango wao wa kuingilia na kutokea. Kwenye apt lilibaki ganda lenye jina lake, na kazi ya ganda hilo ni kwenda kumwita yule wa snap. Mimi nilikuwa nimechana cheti cha ndoa. Bibi arusi yuko chumbani anajitanda kanga.

Basi ya tatu nikaitoa kwa hasira: sudo snap remove firefox. Safari hii mashine ilikaa, ikahema. Ukapita mstari mmoja ukisema data ya Firefox inawekwa akiba, seti namba 3. Niliusoma kama nisomavyo maandishi madogo ya mgongoni mwa pakiti ya sabuni. Kisha kimya. Nikaandika "fire", hayupo. Nafasi iliongezeka, ingawa si kwa kiasi nilichotarajia, na sikujiuliza kwa nini. Nikapakua ndizi, nikapika mchuzi wa karanga. Watoto walihamia Chromium kabla ya kunawa mikono.

Talaka tatu zimetimia, nikasema moyoni. Hapa hapana rejea.

Tarehe 28 Desemba, Jumapili jioni, baba watoto alikaa mezani na chai na bahasha ya risiti. Ana kibanda cha spea za pikipiki soko la Kisekka, na ritani ya mapato ya mwaka ulioishia Juni lazima iwe imefika URA, mamlaka ya mapato, kabla ya Desemba kwisha. Kila mwaka hungoja hadi siku hizi za mwisho, akisema ndipo akili inapochangamka. Alifungua laptop, akatafuta, akainua miwani.

"Mama, Firefox yuko wapi?"

"Alikuwa anajaza nafasi."

"Nenosiri la URA analo yeye."

Nikamwambia aombe jipya kwa baruapepe. Nenosiri la baruapepe pia analo yeye. Basi atumiwe kwenye simu. Laini aliyojisajilia ilipotea na simu yake sokoni, mwezi wa saba. Mume wangu hapazi sauti. Alikunja tu bahasha ile mara mbili, akainywa chai yote kwa funda moja, na ilikuwa ya moto. Mkwe kwenye kochi akapunguza redio ili asikose neno.

Nikampigia shemeji, aliyekuwa Mbarara kwa sikukuu.

"Mulamu, ulipomtoa uliandika neno purge?"

"Sikuandika. Ndiyo nini?"

"Alhamdulillahi. Andika snap saved."

Nikaandika. Ukatokea mstari mmoja, nami nautazama hadi leo nikifumba macho: seti namba 3, firefox, umri siku 22.

Hii ndiyo fiqhi ya snap, na ningependa kila mwenye Ubuntu aijue. Ukiondoa kifurushi bila kusema purge, programu inaondoka lakini data yake, yaani maneno ya siri, alama za kurasa na historia, inakunjwa na kuwekwa kwenye faili moja la akiba. Mashine hulilinda kwa siku 31 kama hukuibadilisha, kisha hulifuta yenyewe. Ndiyo maana nafasi yangu haikuongezeka sawasawa. Mimi nilihesabu talaka tatu. Yenyewe ilihesabu moja tu, ile ya mwisho, tena ya rejea, na ikamkalisha mtalikiwa eda ndani ya nyumba ya mumewe, kama sheria inavyotaka. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kumrudisha kulikuwa na mahari. Firefox wa snap ana zaidi ya MB 200, na bando tunalonunua linabeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipofutwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Mume wangu alilipa bila kuuliza bei. Kifurushi kikashuka taratibu, asilimia 40, asilimia 41, kijana wetu akikatazwa kugusa hata simu yake. Kilipofika nikaandika sudo snap restore 3. Firefox akafunguka anajua kila kitu. Mume wangu akaingia URA kwa mbofyo mmoja, na saa tano usiku ritani ikawa imepokelewa.

Kesho yake nilinunua daftari la kurasa 48. Kila mtu wa nyumba aliitwa mezani, mmoja mmoja, tukafungua orodha ya maneno ya siri na nikayanakili kwa kalamu. Yalikuwa 37, na matano hakuna aliyekubali kuwa ni yake.

Tarehe 2 Januari nikamuaga kwa heshima. Snap remove, safari hii na neno purge. Snap forget 3, ili ile akiba ya zamani isiendelee kulala stoo. Halafu shemeji akanionyesha faili zilizofichwa, zile zinazoanza na nukta: .mozilla, na ndani ya .cache kulikuwa na mozilla nyingine. Hizo zilibaki toka zama za 20.04. Tulipopanda kwenda 22.04, Firefox mpya alinakili mali zake akahamia kwenye snap, na nyumba ya zamani ikabaki na samani zote ndani. Apt haigusi faili za nyumbani mwa mtu hata ukiiambia purge, na snap haikujua kama zipo. Zilikula karibu GB 2. Nikazifuta kwa mkono.

"Agenze?" mkwe aliuliza toka kibarazani. Kaondoka?

"Agenze, maama."

Sasa diski ina GB 11 tupu. Daftari liko ndani ya debe la unga, debe liko stoo, na ufunguo wa stoo anao mama mkwe.