Namna ya Kusakafia Ua Bila Kumuudhi Fundi

Umeamua kumwaga zege uani. Hongera. Masika yaliyopita gari lilikwama mbele ya geti lako mwenyewe, na mgeni aliyekuja na viatu vyeupe hajarudi tena. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na wa mwenye duka au gereji pia, maana zege halibagui. Usome kabla hujanunua chochote. Wengi huusoma baadaye.

Kwanza, pata fundi. Usiende kuangalia kazi zake za nyuma. Hiyo ni dharau. Fundi huletwa na mtu: shemeji, bodaboda, muuza vifaa vya ujenzi. Atasimama katikati ya ua, atatazama chini, kisha juu, ingawa juu hakuna kazi. Atauliza nani alikujengea. Lolote utakalojibu, atatikisa kichwa. Usimtetee aliyemtangulia. Mwakani kuna mwingine atakayesimama palepale na kutikisa kichwa kwa ajili ya huyu.

Pili, piga hesabu, lakini kwa siri. Ua wa mita 6 kwa 5, unene wa sentimita 10, unakula mita za ujazo 3 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unahitaji mifuko 19 au 20 ya kilo 50. Fundi atakutajia 14 au 28. Akitaja 14, jua unene umeshuka hadi sentimita 7 na gari lako halijaarifiwa. Akitaja 28, jua kuna choo kinajengwa mahali, na si kwako. Mchanga nao huja kwa tripu, na tripu ni kipimo kinachomtegemea dereva. Muulize umetoka wapi, kwa sababu mchanga wa baharini una chumvi na chumvi hula nondo. Atasema Mpiji. Kama mchanga wote unaosemwa umetoka Mpiji ungekuwa umetoka huko kweli, leo mto ule ungekuwa ziwa.

Sasa ardhi. Ondoa udongo wenye mizizi, jaza moramu, mwagia maji, shindilia tabaka kwa tabaka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Inavyofanyika ni kwamba fundi atapiga kisigino mara tatu na kusema, “Imekaa.” Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha kupeleka maji ya mvua mtaroni. Pima maji ipo, usiwe na wasiwasi; imo ndani ya mfuko na haitoki. Fundi wako hutumia jicho, na jicho lake lina mteremko wa kudumu unaoelekea mlango wa jikoni. Ukiona maji yanakwenda kwa jirani badala ya jikoni, usifurahi. Jirani atakuja, na atakuja na mjumbe.

Tumefika kwenye maji ya kuchanganyia, na hapa tafadhali vuta kiti. Mfuko mmoja wa saruji unataka lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa na robo. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Zege la namna hiyo ni zito. Halitiririki, linasukumwa kwa koleo na linaumiza mgongo. Saidia fundi amelipwa kwa kazi, mgongo wake haumo kwenye mapatano, kwa hiyo anaongeza maji. Fundi akiona zege “linakataa”, anaongeza maji. Aliyekwenda kununua mihogo akirudi, naye anaongeza. Mwisho unapata uji wa mgonjwa, unaojisambaza wenyewe hadi kwenye kona, na kila mtu anafurahi. Maji yale ya ziada hayakai bure. Yatatoka, yataacha vitundu, na uso wa zege utakuwa unatoa vumbi kila ukifagia. Ukithubutu kusema neno, makoleo yatasimama yote kwa pamoja, na fundi atakuuliza kwa upole: “Kwani bosi wewe ulisomea ujenzi?” Hakuna jibu la swali hilo. Hata wahandisi hulikosa.

Omba mikato. Zege la unene huo litasinyaa na kupasuka. Unachoweza kuchagua ni mahali tu. Mkato kila baada ya mita 2 na nusu au 3 unaliambia lipasukie wapi. Fundi atakuambia mistari inaharibu urembo. Basi litajichorea lenyewe, kwa mkono usiotulia.

Kisha niru. Atanyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda, atapitisha mwiko mpaka ua ung’ae, na majirani watakuja kuusifu. Piga picha siku hiyohiyo. Ngozi hiyo hubanduka.

Halafu fundi analipwa, anaondoka, na kinaanza kipindi ambacho kila mwenye nyumba anaamini kwamba zege linakauka. Halikauki, linakomaa, na linakomaa kwa maji. Linataka kuloweshwa siku 7 mfululizo, lifunikwe kwa magunia au nailoni, na nguvu yake huhesabiwa siku ya 28. Jana yake ndoo zilikuwa hazihesabiki. Leo, siku ambayo zege linayaomba maji, bomba limekauka na mama mwenye nyumba anasema yaliyopo ni ya kufulia. Siku ya pili gari linaingizwa “taratibu”. Wazee wa pwani waliosakafia kwa chokaa walikuwa wakiipiga kwa vijiti siku nyingi, huku wanaimba, na baadhi ya kuba za matumbawe na chokaa za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zingali zimesimama baada ya karne kadhaa. Lakini wale hawakuwa na gari la kuegesha. Mwenye duka, wewe weka ubao wa wateja kupitia. Watapita pembeni ya ubao.

Mwisho, ukarabati. Ufa una daraja zake. Ukiwa mwembamba, fundi anasema ni kawaida. Ukipanuka, ardhi inatulia. Ukipitisha sarafu, atauliza: “Ulinunua saruji gani?” Dawa yenyewe inajulikana: panua ufa kwa tindo, safisha vumbi lote, lowesha, jaza, kisha lowesha tena kwa siku kadhaa. Kama chini panacheza, vunja kipande chote, shindilia, mwaga upya. Utakachofanyiwa ni kupakwa niru juu ya ufa, Ijumaa jioni, kwa nusu ya bei ya awali. Itashika mpaka mvua ya kwanza. Usimpigie simu, namba ile sasa ni ya mtu mwingine wa Morogoro.

Ukibakiwa na saruji, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na uitumie kabla ya miezi mitatu, kwa sababu baada ya hapo nguvu yake hupungua. Ikiganda mabonge, fundi ajaye ataiponda kwa nyundo na kukuambia bado ni nzuri. Itupe akiwa hayupo.