Kuitukuza Klipu

Wataalamu wa magari wameandika mengi kuhusu tabo, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini, na wamemkumbuka ipasavyo Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Wameandika pia kuhusu intakula, yaani kipoza hewa chenye umbo la rejeta ndogo, ambacho huipunguzia joto hewa iliyokandamizwa na tabo, kwa kuwa hewa iliyopoa hubeba oksijeni nyingi zaidi katika nafasi ileile. Lakini klipu, ule ukanda mwembamba wa chuma unaoubana mpira unaounganisha mabomba ya vyombo hivyo viwili, haijapata mwandishi wa kuisifu, na dhuluma hiyo haifai kuachwa iendelee.

Nasaba yake si ya kubezwa. Klipu ya skrubu, ambayo ukanda wake umechanjwa meno ili skrubu iuvute kila inapozungushwa, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1921 kwa jina la Lumley Robinson, aliyekuwa kamanda wa jeshi la majini; kwa hiyo klipu iliyojificha chini ya boneti ya Prado ni ya ukoo wa kijeshi, jambo ambalo pistoni, pamoja na majivuno yake yote, haiwezi kulidai.

Wala kazi yake si ndogo. Tabo inaposukuma hewa kwa shinikizo la baa 1 kupita lile la kawaida, kila sentimita ya mraba hupata msukumo unaokaribia uzito wa kilo 1, na kwa kuwa mpira wenye kipenyo cha sentimita 6 una tundu la takriban sentimita za mraba 28, kiungo kimoja huvumilia msukumo wa kilo kama 28 unaotaka kukichomoa, huku hewa yenyewe ikiwa imepita nyuzi 100 za selsiasi na ukungu wa oili ukiupaka mpira kwa ndani mpaka uteleze. Mwenye gari hununua rimu za mamilioni ya shilingi, kisha dhamana ya nguvu zote za injini akaikabidhi klipu isiyofikia bei ya sahani ya pilau, na wala hapotezi usingizi.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, haiko katika kushika bali katika kuachia. Gari linapounguruma bila kutembea tabo haisukumi hewa ya kutajika, hivyo klipu haina haja ya kumwaibisha mwenye gari uani kwake, ambako asingeonwa na mtu. Husubiri mzigo uwe mzito na mafuta yakanyagwe hadi mwisho, yaani husubiri mlima wa Kitonga, pale barabara itokayo Morogoro inapopanda kuelekea Iringa, nyuma kukiwa na msururu wa malori na mbele kukiwa na kona. Hapo mpira huchomoka kwa kishindo, dizeli ikakosa hewa ya kuiunguza, moshi mweusi ukatanda, na gari lililokuwa likiyapita mabasi kwa dharau likaanza kupitwa na yale yale. Injini ya petroli yenye kipima hewa huadhibiwa vikali zaidi, maana hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutorokea njiani, nayo kompyuta huendelea kumimina petroli kwa hesabu ya hewa isiyokuwapo, mpaka injini izimike kwa kulewa mafuta.

Mpira uliochanika kidogo tu ndio wenye hekima zaidi, kwa sababu ufa wake hufumbuka chini ya shinikizo na kujifumba gari linapofikishwa gereji. Kwa njia hiyo mwenye gari hubadilisha chujio, kisha kipima hewa, na akiwa na bahati mbaya ya kuwa na fedha, tabo yenyewe, kabla fundi mmoja hajaziba mdomo wa njia ya hewa, akajaza hewa ya kompresa na kupaka maji ya sabuni, ambayo hutoa povu panapovuja. Ada za shule zilizolipwa kwa ufa wa namna hiyo zinastahili kutambuliwa.

Hata inaporejeshwa madarakani, klipu hudai taratibu za kifalme. Mdomo wa bomba husafishwa oili yote, mpira huvutwa uvuke tuta lililoviringishwa kwenye mdomo huo, na klipu huketi nyuma ya tuta, kwani ikiketi juu yake au mbele yake itakuwa inabana matumaini. Mpira wa silikoni, ulio laini, haupendi klipu yenye matundu, kwa kuwa hujipenyeza humo na kukatika, na hapo hupendelewa klipu ya boliti, ambayo ukanda wake ni mpana na laini kwa ndani. Lakini hata hiyo ikikazwa kwa hasira huuminya mpira hadi uumie. Baada ya injini kupata moto na kupoa, mpira hulegea kidogo, hivyo klipu hukaguliwa tena, na fundi mwenye busara hukielekeza kichwa cha skrubu mahali bisibisi inapofika, tofauti na waundaji wengi wa magari, ambao kwa heshima wasiyoieleza hukigeuzia ukutani, pasipofikika bila vidole kuchubuka.