Namna ya Kutajirika kwa Bili za Mionzi Hadi Serikali Ije Kukusalimia

Hongera kwa mashine mpya ya mionzi. Imekugharimu mamilioni ya dola, iko nyuma ya kuta za zege nene kuliko za benki, na benki yenyewe inadai marejesho yake kila mwezi. Kliniki umeifungua Florida, umechagua vizuri: jua jingi, wazee wengi, na kadi za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, mifukoni mwao. Wagonjwa wataletwa na saratani. Mimi na wewe tushughulikie bili. Sogea karibu, asitusikie mwandishi wa bili. Huyo zamu yake inakuja.

Hatua ya kwanza: lipia namba. Marekani kila tendo la daktari lina namba yake, na za mionzi huanza na 77. Mwenye namba hizo ni Chama cha Madaktari cha Marekani, kilichozitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na hadi leo anayezitumia kwenye programu yake ya bili hulipia leseni. Usinung'unike. Hata mwizi wa kuku huanza kwa kutafuta gunia.

Hatua ya pili: kataa urahisi. Kwa miaka kumi na zaidi, kupiga mionzi kulikuwa na madaraja matatu: 77402 kazi rahisi, 77407 ya kati, 77412 ngumu. Eneo moja la mwili, mionzi kutoka upande mmoja au pande mbili: hiyo rahisi. Weka kabari mbele ya mionzi, tayari ni ngumu. Sasa niambie, nani asome miaka kumi na tatu baada ya sekondari ili aandike kwamba leo amefanya kazi rahisi? Mheshimu mama yako, andika ngumu. Juu ya madaraja hayo ilikaa IMRT, mionzi inayochongwa na kompyuta kufuata umbo la uvimbe, nayo ilikuwa na namba zake mbili zenye malipo manono: 77385 na 77386. Na ili mambo yanoge, tangu 2015 Medicare iliwapa wenye kliniki binafsi namba nyingine kabisa, zinazoanza na herufi G, huku hospitali zikibaki na za 77. Tiba ileile, lugha mbili. Ukikosea ulikuwa na pa kusingizia.

Raha hiyo imekwisha, pole. Kuanzia Januari 2026 namba za IMRT zimefutwa, picha ya kuhakikisha mgonjwa amelala sawasawa imeingizwa ndani ya malipo ya mionzi yenyewe, na madaraja yamebaki matatu tu, kwa maana mpya. Usikate tamaa. Njia mojawapo ya kufika daraja la juu ni kufuatilia mwendo wa uvimbe wakati mgonjwa anapumua, na uzuri ni kwamba wagonjwa wako wote wanapumua. Kuna sharti dogo, kwamba mashine iwe kweli inafuatilia mwendo huo wakati mionzi inapigwa. Lisome haraka, upite.

Hatua ya tatu: hesabu siku. Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tulia kidogo. Kwa kawaida unalipwa kila mara mgonjwa anapopanda kitanda cha mashine. Akija mara 1 unalipwa mara 1, akija mara 10 unalipwa mara 10. Bahati mbaya watafiti hawana huruma na biashara za watu. Wamethibitisha kwamba kwa maumivu ya saratani iliyoingia mfupani, dozi moja ya gray 8 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) mara nyingi hutuliza sawa na gray 30 zilizogawanywa mara 10. Uingereza, ambako daktari wa hospitali ya umma hula mshahara, walichapisha mwaka 2020 utafiti wa FAST-Forward: wanawake wenye saratani ya matiti ya hatua za mwanzo walipata gray 26 kwa mara 5, na matokeo ya miaka mitano hayakuwa mabaya kuliko ya wale wa mara 15. Karatasi hizo zifungie kabatini. Mgonjwa akiuliza kwa nini yeye anaendesha gari kila siku wiki tano, mwambie kwa sauti ya chini kwamba kwake umeamua kwenda kwa uangalifu. Atakushukuru, na Pasaka atakuletea keki.

Usisahau 77427. Hii ni malipo ya daktari ya kumsimamia mgonjwa, na hulipwa kwa kila mionzi 5. Mwisho wa tiba ikibaki 3 au 4, nayo huhesabiwa wiki nzima. Ikibaki 1 au 2, hupati kitu. Fanya hesabu: mionzi 27 ni wiki 5, mionzi 28 ni wiki 6. Ukiona mpango wa mionzi 27, tafuta sababu ya kitabibu ya kuongeza mmoja. Kwa anayezitafuta, sababu za kitabibu hazikosekani.

Namba hiyo inadai umwone mgonjwa ana kwa ana angalau mara moja katika kila mionzi 5. Kazi kubwa, hasa siku za gofu. Andika mara moja tu, "anaendelea vizuri", kisha nakili wiki hadi wiki. Angalia tu aliyefariki Jumanne asiwe anaendelea vizuri Alhamisi.

Hatua ya nne: tumia 59. Tangu 1996 kompyuta za Medicare hukataa namba mbili ambazo hazipaswi kulipwa pamoja. Ukibandika alama ya ziada, 59, nyuma ya mojawapo unaapa kwamba hizo ni huduma mbili tofauti kabisa, na mlango unafunguka. Bandika kila mahali. Wakaguzi wanaipenda sana, ndiyo huanza nayo.

Hatua ya tano: pima, usisome. Mwaka 2016 kampuni ya 21st Century Oncology, ya hapohapo Florida, ilikubali kulipa dola milioni 34.7 kumaliza madai ya serikali kuhusu kipimo cha mionzi inayotokea upande wa pili wa mwili. Serikali ilidai kwamba kilitozwa hata pale ambapo hakuna daktari aliyetazama majibu hadi siku 7 au zaidi baada ya mgonjwa kumaliza tiba, na hata pale ambapo vifaa vya picha viliharibika na majibu hayakupatikana. Jifunze hapo: ukishapima, angalau fungua faili.

Hatua ya sita: mdharau mwandishi wa bili. Mpe meza karibu na choo, mcheleweshee malipo ya ziada, na akiuliza kwa nini mashine imerekodi dakika tatu na bili inasema kazi ngumu, mwambie asijifanye daktari. Mashine yako, nimesahau kukwambia, huandika kila kitu: pembe, dozi, saa na dakika. Haisahau, na hailewi kwenye sherehe ya mwaka mpya. Naye mwandishi huyo ana nywila ya kuingia humo.

Kuna sheria ya mwaka 1863, enzi za Lincoln, iliyotungwa dhidi ya waliokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Anayeidanganya serikali kwa madai ya uongo hulipa hasara mara tatu, pamoja na faini ya zaidi ya dola 14,000 kwa kila dai. Mtu wa ndani aliyefungua kesi hupata asilimia 15 hadi 30 ya kinachorejeshwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakujua kwamba Marekani hupewa na kamisheni. Katika shauri lile la milioni 34.7, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi huko ndani aliondoka na zaidi ya dola milioni 7.

Kwa hiyo kabla hujaandika 77412 ya kesho, pita pale karibu na choo. Mwandishi wako wa bili mpandishie mshahara leo, na umwamkie.