Kiwanja Chenye Maji ya Uhakika: Mwongozo kwa Mjenzi wa Bondeni

Sheria tuimalize kwanza, maana ni fupi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na bwawa. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikwisha kuorodhesha mita hizohizo 60 za kando ya mto kuwa ardhi hatarishi, pamoja na mikoko na ardhioevu. Nayo Ramani Kuu ya Dar es Salaam ya 1979 ililiacha bonde la Msimbazi nje ya makazi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba watu hujenga bondeni kwa kutojua. Wanajua. Aliyeuza anajua, aliyenunua anajua, na aliyegonga mhuri anajua kuliko wote. Mwongozo huu hauji kukufundisha sheria. Unakuonyesha namna ya kuishi nayo mtaa mmoja kwa miaka ishirini bila kukutana.

Kiwanja hutazamwa mwezi wa nane. Usikubali kupelekwa wakati wa masika. Dalali mwenyewe hatakubali. Mwezi wa nane Msimbazi ni kamkondo keusi kanakopita katikati ya mchanga na mifuko ya plastiki, na mtoto wa shule anakaruka bila kuvua viatu. Mbele yako kuna matuta ya mchicha, upepo unavuma, na dalali anakuelekeza kwa kidole: pale Kariakoo, pale Muhimbili, pale stendi. Hapo, kusema kweli, hadanganyi. Viwanja vilivyopimwa viko Chanika, viko Mabwepande, viko ng'ambo, Kigamboni, na mama anayeuza vitumbua Kariakoo hawezi kuamka saa nane usiku kila siku ili apande daladala mbili. Bonde liko mjini na bei yake ni ya shamba. Anayemcheka mtu wa bondeni kwanza ajumlishe nauli yake ya mwezi.

Wakati dalali anaongea, wewe tazama kuta za majirani. Ukiona mstari wa tope umenyooka usawa wa kifua, uliza ni nini. Utaambiwa ni rangi ya zamani. Ukiona kila mlango una kizingiti cha matofali kinachofika gotini, utaambiwa ni kwa ajili ya kuku. Na yale matete yaliyosimama kwenye kona ya kiwanja chako, yale yasiyoota pengine ila penye maji, yataitwa bustani.

Sasa tupime. Hapa ndipo wengi hukosea, maana huanza kupimia mtoni. Ukianzia mtoni utaishia kwenye sebule ya mtu wa tatu kutoka kwako, na mauziano yataharibika. Simama wewe kwenye kiwanja, shika mwanzo wa futikamba, ncha nyingine mpe kijana wa dalali aelekee mtoni hadi mita 60 zitimie. Popote atakaposimama, hapo ndipo ukingo wa mto ulipo. Akijikuta ametokea ng'ambo, basi mto huo una kona.

Nafanya mzaha, lakini mzaha wenyewe umeanzia kwenye mto. Ukingo wa Msimbazi hauketi mahali pamoja. Maji yanatoka vilima vya Pugu, yanapita Vingunguti na Kigogo, na kila mwaka huko juu mabati yanaongezeka, lami inaongezeka, udongo wa kunyonya mvua unapungua. Mvua ileile iliyokuwa ikizama ardhini sasa inateremka yote kwa pamoja, ikiwa na haraka. Ongeza wachimba mchanga wanaoukwangua mto usiku kwa chepe na kuupakia kwenye malori, kwa sababu nyumba za juu nazo zinahitaji mchanga wa kujengea. Mto unaochimbwa chini hubomoka kingo. Hivyo mtu anaweza kujenga kwa uaminifu wote, mita 60 kamili na mashahidi wawili, na baada ya masika kadhaa akakuta mita 20. Yeye hajasogea. Ukimuuliza atakuambia mto ndio uliovamia kiwanja.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kuuziba mwanya huo. Kanuni zao za 2006 za ubora wa maji zilitoa mita chache kuliko sisi, kati ya 6 na 30 kufuata upana wa mto, lakini kipimo kilianzia pale mafuriko makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa yalipofika. Ukija na kipimo hicho Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, utaanza kuhesabu ukiwa umesimama juu ya lami ya Barabara ya Morogoro. Usimwambie mtu yeyote.

Baada ya kupima, makaratasi. Mjenzi wa bondeni anahitaji makaratasi mengi kuliko mjenzi wa Masaki, na namshauri ayakusanye kwa bidii. Anza na mjumbe. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utalipa ile asilimia kumi ya bei, asilimia isiyoandikwa popote na isiyosahauliwa na yeyote. Hati ya mauziano itaandikwa kwa mkono mzuri, ikitaja mipaka yote minne: kaskazini Mama Fulani, mashariki Mzee Fulani, kusini njia ya kupita kwa miguu, na magharibi, upande ule unaonuka, "eneo la wazi". Neno mto lisionekane. Mashahidi watie dole gumba, mhuri ugongwe mara mbili, picha za pasipoti zibandikwe. Ukimaliza utakuwa na hati inayovutia kuliko cheti cha ndoa, na inayothibitisha jambo moja tu: kwamba fedha zako zimeshapokewa.

Kisha vuta umeme. Mita ya LUKU ni kitu kizuri sana, maana haina macho. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo unaponunua umeme, nyumba iwe Oysterbay au iwe inaning'inia juu ya mto. Tafakari hapo kidogo, ndugu yangu. Dola moja, kwa kitabu kimoja, inasema jengo lako haliruhusiwi kuwepo. Kwa kitabu kingine inalitoza kodi kila mwezi. Tunza risiti. Hazitakuokoa siku ya tingatinga, ila utakuwa na kitu cha kupeperusha mbele ya kamera. Na ukifika mwaka wa uchaguzi, mkaribishe mgombea sebuleni. Atakuahidi kwamba hakuna atakayewagusa, na ahadi hiyo huwa ya kweli hadi kura zihesabiwe.

Msingi hauna maneno mengi: nondo nyingi, kina kirefu, na fundi asiyeuliza maswali. Suala kubwa ni kifusi. Chukua kipande cha mbao, andika kwa mkaa KIFUSI MWAGA HAPA, kichomeke pembeni mwa njia. Malori yatakuja yenyewe, tena bure, maana jiji linabomoa na kujenga kila siku na halina pa kutupa matofali yake mabovu, vigae vyake na sinki zake za choo. Ndani ya wiki chache kiwanja chako kitapanda juu ya cha jirani. Jirani ataona. Naye ataandika kibao chake, kikubwa zaidi. Mwaka unaofuata yeye yuko juu yako, na wewe unaita malori tena.

Mtakaposhindana hivyo hadi mwisho wa mtaa, jambo dogo litakuwa limetokea. Bonde ni beseni la jiji, na kila lori la kifusi ni jiwe lililotumbukizwa ndani yake. Maji hayapungui, yanatafuta ukingo ulio chini. Ukingo ulio chini ni wa yule aliyeko ng'ambo, asiye na njia ya lori, mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Huyo hupanga viroba vya mchanga, akimaliza viroba hupanga matairi, akimaliza matairi hulala na kandambili miguuni. Kuna watu wa kuwafanyia kejeli katika habari hii, yeye simweki miongoni mwao.

Choo chako kielekeze mtoni. Mvua kubwa ikianza, utasikia mtaa mzima ukiondoa vizibo kwa siri. Huko ndiko kutapisha, huduma ya kunyonya maji taka inayoendeshwa na Mwenyezi Mungu bila ankara. Yote hayo yanateremka hadi kwenye mikoko ya Daraja la Salenda, ambayo imepewa kazi ya kuchuja uchafu wa jiji zima bila mshahara na bila likizo. Mchicha wa matutani unapata sehemu yake njiani. Ukiukuta sokoni ni kijani kibichi, unameremeta.

Kama una mtaji mkubwa, yote niliyosema sahau. Mkubwa hajengi nyumba bondeni, anajenga mradi. Nyumba inavamia, mradi unawekezwa. Mfano bora uko wazi kwa kila mpita njia: karakana ya mabasi ya Mwendokasi pale Jangwani. Hapo hakukuwa na dalali wala mjumbe. Kulikuwa na michoro, zabuni na wahandisi, na karakana ikasimama katikati ya uwanda ambao mto umekuwa ukiutumia kupumzikia tangu kabla jiji halijaitwa jiji. Mabasi yalianza kazi 2016. Maji yaliingia karakanani, yakatoka, yakarudi tena. Barabara ikifungwa Jangwani kwa mafuriko, abiria wa Kimara wanashushwa, wanakunja suruali, na kuitazama karakana ya usafiri wa haraka ikiwa imetulia ndani ya maji. X nyekundu ya bomoabomoa haikupakwa ukutani mwake. Wasomi waliiita hali hiyo changamoto.

Haya, nisiseme kwamba wakubwa hawaguswi kabisa. Agosti 2018 Nairobi iliangusha Southend Mall na Ukay Centre kwa kukalia njia ya mto, maduka ya kisasa, na Wakenya wakajaa kando ya barabara kupiga picha kana kwamba ni harusi. Furaha ile ilikuwa na sababu: tingatinga walilolizoea lilikuwa halijui njia ya Westlands.

X tuizungumze basi. Ni herufi nyekundu, hupakwa na vijana wasiosalimia. Usiifute wala usiipake chokaa juu yake, wataipaka kubwa zaidi. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu miaka ya hamsini. Watu wasiopungua 40 walikufa. Wengine walilala juu ya mabati wakishikana, wakisubiri boti. Hapo hapana mwongozo wa kutoa. Walionusurika wengi walipewa viwanja Mabwepande, karibu na Bunju, wakaanza na mahema. Kiwanja kilikuwa halali, kimepimwa, kina bikoni, na hakina mteja wa vitumbua hata mmoja. Baada ya muda baadhi yao waliuza au wakapangisha, wakarudi Jangwani kimya kimya. Magazeti yaliwaita wakaidi.

Mwishoni mwa 2015 tingatinga likaja kwa nguvu, Mkwajuni na Hananasif, hadi Januari 2016. Watu walianika magodoro juu ya vifusi vya nyumba zao wenyewe. Wengine walikimbilia mahakamani kuomba zuio. Ninayemkumbuka zaidi kutoka kwenye taarifa za habari za siku zile ni aina moja ya mkazi, na walikuwa wengi: yule anayemwonyesha mwandishi mita ya umeme aliyoing'oa ukutani na kuikumbatia, akiuliza, mbona hii mlinipa?

Siku hizi mambo yamekuwa ya kistaarabu. Upo mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Dola milioni 200 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022. Safari hii hawaji na rangi tu. Wanakuja na wathamini, fomu na namba za akaunti, na fidia inalipwa. Kwa hiyo mjenzi wangu wa bondeni, zile risiti nilizokuambia uzitunze, zitoe sasa. Picha yako ya pasipoti iwe na sura ya huzuni ya wastani. Mwembe ulioupanda juzi mwagilia, ila usiuite wa babu. Wathamini wana macho kuliko LUKU. Ukishasaini, bomoa mapema uchukue bati na milango, maana atakayeviokota usiku hatakuachia hata bawaba.

Na michoro ya bonde jipya ukiipata, itazame vizuri, inapendeza. Karakana ya mabasi inahamishwa. Daraja la Jangwani linainuliwa. Mto unachimbwa na kupanuliwa, katikati kunakuwa na bustani ya jiji, watu wanatembeza watoto. Pembeni udongo uliotoka mtoni unashindiliwa na kupandishwa juu, na juu yake, katika mchoro, yanasimama majengo marefu yanayotazama maji. Naam, ni kifusi. Ila hiki hakikuja kwa kibao cha mkaa. Fidia ikiingia, kabla hujahamia Mabwepande, kaulize chumba kimoja hapo kitauzwaje. Usiende peke yako; nenda na mtu wa kukudaka.