Waziri wa Fedha, Magunia na Kibubu

Mwanaume mwenzangu, ukimsikia mkeo anatamka neno "bajeti" kabla hajamaliza kumimina chai, usibishane naye. Vaa viatu, nenda kazini, rudi jioni ukiwa mpole. Mimi niliuliza "bajeti ya nini tena?", na jibu lake ndilo tunaloishi nalo hapa Kimara mpaka leo.

Kwanza uwajue watu wenyewe, maana bila hivyo hutanielewa. Mama Neema, mke wangu, ndiye Waziri wa Fedha. Hakuapishwa na mtu. Alijiteua siku alipotoa risiti zote za LUKU kwenye droo ya kabati, akazipanga mezani na kugundua kwamba friji letu linakula kuliko watoto. Mama yake, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho, akapona na kubaki, ndiye Mkaguzi Mkuu. Macho yale yaliyotibiwa sasa yanaona nusu kijiko cha sukari kilichozidi kwenye kikombe changu hata nikimpa mgongo. Mdogo wake Mama Neema, yaani shemeji yangu, tunamwita Mwekezaji. Analala kwenye kochi la sebuleni na kila mwaka ana mradi. Neema, wa kidato cha pili, ni Msemaji wa Familia: jambo likitokea ndani saa mbili, saa tatu limeshafika dukani kwa Mangi. Mdogo wake wa kiume tunamwita Gavana kwa sababu tangu akiwa mdogo hapiti karibu na sarafu bila kuiokota. Mimi ni mlipakodi.

Sasa huyu Mkaguzi lazima nikueleze, maana mambo mengi yanaanzia kwake. Vita vya Kagera vilipoisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Nchi ilifunga, ikahangaika, miaka ikapita, watu wakaendelea na mambo mengine. Mama mkwe hajaambiwa kwamba miezi ile iliisha. Vipande vya sabuni vilivyokonda havitupwi nyumbani kwangu. Anavilowesha, anavikandamiza kwa viganja na kutoa bonge moja lenye rangi nne, na hilo ndilo ninalooga nalo. Nikinunua sabuni mpya naiingiza ndani ya soksi. Akiiona, ananihadithia foleni za duka la kaya na jinsi walivyofua kwa majani ya mpapai, na hadithi hiyo haina toleo fupi.

Basi akina mama hawa wawili walikaa jioni moja, wakanywa chai ya rangi na kupitisha maazimio. Dawa ya meno ikionekana imeisha, mrija unakatwa kwa mkasi. Mkaa ukishaivisha maharage unafunikwa ili uzimike upesi, kesho utumike tena. Simu zichajiwe kazini, yaani kazini kwangu. Maji ya kuoshea mchele yasimwagwe. Hili la mwisho niliuliza yanakwenda wapi. Nikaambiwa yanakwenda bustanini. Bustani gani, na uani kwetu ni saruji kutoka ukuta hadi ukuta?

Ndipo yalipoingia magunia.

Kama hujawahi kulima kwenye gunia, sikiliza, maana kazi hii imeniumiza mgongo na sitaki elimu ipotee. Unasimamisha gunia, katikati unaweka kopo la rangi lililotobolewa kitako, unalijaza kokoto. Kuzunguka kopo unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika usawa wa kopo, unalivuta juu taratibu, kokoto zinabaki, unajaza tena, mpaka gunia linajaa na katikati limebaki bomba la mawe la kupitishia maji. Kisha unatoboa matundu ubavuni, unachomeka miche ya sukuma wiki na chainizi, juu unamwaga mbegu za mchicha. Mwalimu wa haya yote alikuwa Waziri, aliyejifunza kwa rafiki yake. Mvuta kopo alikuwa mimi.

Samadi aliifuata Mwekezaji kwa bajaji. Dereva aliponusa mzigo alitaka nauli mara mbili, na alipofika alitaka na hela ya kuosha kiti. Nikamuuliza Waziri kama gharama hiyo inaingia kwenye hesabu za bustani. Akasema hapana, hiyo ni usafiri. Gavana aliajiriwa kulinda mchicha dhidi ya jogoo wa Mama Sakina kwa shilingi 100 kwa siku. Hiyo nayo si bustani, ni ulinzi. Maji ya dumu ni matumizi ya nyumbani. Kwa utaratibu huo bustani yetu haijawahi kupata hasara, na Waziri anaitaja kwa majirani kwa sauti ya juu.

Walipokuja vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibana chini ya jani la sukuma wiki mpaka linajikunja, Waziri hakutaka kusikia habari ya dawa ya dukani. Akachuma majani ya muarobaini, akayatwanga, akayaloweka usiku kucha, asubuhi akanyunyiza. Dawa ni nzuri kweli, vidukari walipungua. Tatizo ni kwamba aliyatwanga kwenye kinu cha jikoni. Siku iliyofuata Neema akatwanga kisamvu humohumo. Nazi ikaungwa, karanga zikaingia, chungu kikanukia mpaka barabarani, watu tukanawa mikono. Tonge la kwanza, kila mtu akamwangalia mwenzake. Uchungu ule uliingia mpaka masikioni. Nikasogeza sahani pembeni. Mkaguzi akasema chakula hakitupwi, mti ule ni dawa, na dawa haijawahi kuwa tamu. Tulikula. Tulikula na kiporo chake kesho yake. Hadithi hiyo niliikuta kwa Mangi kabla sijafika kuomba peremende.

Jogoo wa Mama Sakina, kwa upande wake, hakuguswa na ulinzi wa Gavana. Alifika wakati mlinzi yuko shuleni, akapanda juu ya gunia na kufyeka mchicha wa kumaliza wiki. Waziri akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa jirani kudai haki. Nikatega masikio nikisubiri vita. Baada ya muda mrefu akarudi anacheka, kabeba fungu la vipande vya matembele vya kupanda, na ameshajiunga na VICOBA ya Mama Sakina.

Hapo ndipo uhuru wangu uliobaki ulipokwisha. VICOBA unazijua: kila wiki wanakutana, kila mmoja ananunua hisa, mwenye shida anakopa kulingana na hisa zake, na sanduku lina makufuli matatu ambayo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Ukichelewa kikao, faini. Ukiongea bila ruhusa, faini. Simu ikilia, faini. Mke wangu aliupenda mfumo huo mno, akauleta mzimamzima mezani kwetu. Taa ya bafuni ikiachwa inawaka, shilingi 500. Kuchelewa chakula cha usiku, shilingi 500. Kuguna wakati unasomewa faini, 500 nyingine. Faini zote zinaingia kwenye kibubu.

Kibubu chenyewe alikitengeneza fundi seremala kwa mabaki ya mbao: kiboksi kizito, misumari pande zote, hakina mlango, kina mdomo mwembamba wa kupitisha noti iliyokunjwa. Kinakaa juu ya kabati chumbani na kinavunjwa Desemba tu, kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari. Kila Jumamosi jioni tunapanga mstari. Mwekezaji hutoa sarafu moja moja ili mlio udumu. Mkaguzi hutumbukiza kitu chake kimyakimya, huku ameziba mdomo wa kibubu kwa kiganja.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Benki Kuu. Mwanzoni mwa 2025 ilianza kuondoa noti za zamani kwenye mzunguko: zile za matoleo ya 1985 hadi 2003 za kuanzia shilingi 20 mpaka 10,000, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Wenye nazo wazipeleke benki kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili, baada ya hapo hazibadilishwi. Redio ilisoma tangazo tukiwa tunakula. Mkaguzi akaacha kutafuna. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mzee Karume yumo kwenye hizo. Neema akamjibu kwamba noti yenye Karume ndiyo hiyo ya 500 ya 2010.

"Kibubu kivunjwe," akasema Mkaguzi.

"Mama, ndiyo kwanza tumeanza mwaka. Kibubu ni Desemba," akasema Waziri.

"Mwanangu, nimesema kivunjwe."

Kumbe mama alikuja na akiba yake ya miaka mingi ya machungwa ya Muheza, aliyokuwa akiifunga kwenye pindo la kanga. Alipoona mwanawe wa mwisho anazidi kuwa na miradi, akaihamishia kibubuni kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, hela ya zamani kwanza. Na miradi ya Mwekezaji si ya kubeza. Aliwahi kufuga kware kwa sababu mayai yao yangetibu kila kitu. Wakaja sungura. Baadaye yakaja matikiti ya ekari moja, yale yenye hesabu ya WhatsApp: shina moja matunda mangapi, zidisha kwa mashina, zidisha kwa bei ya Kariakoo, toka na gari. Aliyewahi kulipa deni la mbegu za matikiti unamsoma hapa.

Nikaazima nyundo kwa Baba Sakina. Waziri akataka kifunguliwe bila kuharibu mbao ili kitumike tena, kwa hiyo tukatumia saa nzima kung'oa misumari kwa kisu cha jikoni, na kisu kikavunjika. Mwekezaji, aliyekuwa ameketi mbali kuliko kawaida yake, akashauri tuache mpaka kesho. Kifuniko kikatoka. Tukamwaga mkekani: sarafu, kifungo cha shati langu, kizibo cha soda, noti za mzee Karume, noti zenye sura ya Mzee Mwinyi, na vikaratasi vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti ya mbegu za chainizi. Waziri akaokota kimoja na kusoma: "Nimekopa 10,000. Nitarudisha mradi ukijibu. M." Akaokota cha pili. Cha tatu. Gavana, bila kuulizwa na mtu, akaeleza kwamba mjomba hutumia waya wa hanga wenye bablishi nchani, na kwamba yeye hulipwa shilingi 200 ili asimame mlangoni.

Nikajua leo ni leo. Nikamwangalia Mkaguzi, mwanamke aliyenipigia kelele kwa nusu kijiko cha sukari, nikangoja radi imshukie mtu mwingine. Akakusanya vikaratasi, akavilainisha pajani kimoja kimoja.

"Mtoto amekopa," akasema. "Mwizi haandiki."

Ndivyo ukaguzi ulivyofungwa. Waziri alijaribu kupinga, akaambiwa anyamaze mbele ya mama yake. Adhabu ikawa Mwekezaji kumwagilia magunia asubuhi na jioni mpaka deni liishe, na mimi kununua kisu kipya.

Mkaguzi hakukubali benki ya jirani. Alitaka Benki Kuu yenyewe, kwa wenye noti. Tukapanda mwendokasi kutoka Kimara watu watatu, yeye amekumbatia mkoba, mimi nimebeba chupa ya chai, kwa kuwa chai ya mjini ni kutupa pesa. Zilikuwa laki moja na kitu, pamoja na noti moja ya shilingi 20 aliyosisitiza ihesabiwe. Akapewa hela mpya, akaziinua zote kwenye mwanga na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Nauli ya watu watatu kwenda na kurudi niliilipa mimi.

Lakini nikuambie siri. Jioni jua likishuka nyuma ya ukuta wa Baba Sakina, tunatoa vigoda uani. Mwekezaji anamwagilia huku anapiga mluzi, na kusema kweli mkono anao: tangu apewe adhabu, mchicha umejaa, na mwingine Mangi anauchukua dukani kwake. Neema anachuma matembele, mama mkwe anakuna nazi, ugali unasongwa, mboga inafika mezani haijakaa nusu saa tangu ikatwe. Mboga ya namna hiyo sijawahi kuila hotelini. Gharama zake nilizipiga siku moja nyuma ya risiti: gunia, samadi, bajaji, madumu, ulinzi, kisu. Fungu letu la kwanza, lile ambalo sokoni lilikuwa shilingi 500, lilinigharimu kilo ya nyama na chenji isiyorudi. Risiti niliitafuna.

Kibubu kipya kimeshaletwa, safari hii kimezungushiwa bati, na mdomo wake haupitishi hata njiti. Mwekezaji amemaliza deni na anazungumza na Mama Sakina kuhusu kukodi uani kwake. Kama unamfahamu fundi anayetengeneza vibubu vyenye mlango wa nyuma, nitafute. Ila usipige simu jioni, simu ya jioni ni faini, na anayeipokea ni Waziri.