Sifa za Mheshimiwa Kutu

Magari yamesifiwa vya kutosha. Harusini tunayavalisha maua, na picha ya gari jipya lililoegeshwa penye theluji huwafikia ndugu wa Kisumu na Tanga kabla mwenye gari hajalipa hata rejesho la kwanza. Lakini kutu inayoyala magari hayo haijatungiwa hata ubeti mmoja, wakati Toronto nzima hakuna mchapakazi aliyeifikia. Leo naiondoa dhuluma hiyo.

Tuanze na ukoo, maana hasifiwi mtu asiyejulikana ni wa nani. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaijua kutu ya pwani, ile inayotoboa mabati kwa upepo wa chumvi. Waliohamia huku walidhani wameachana nayo, kwa kuwa Ziwa Ontario ni la maji baridi. Kumbe bahari iliwatangulia. Huko Goderich, kando ya Ziwa Huron, bahari ya kale iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita iliacha matabaka ya chumvi ardhini. Mwaka 1866 watu walichimba pale wakitafuta mafuta, wakaambulia chumvi. Leo mgodi wa chumvi wa hapo umeingia chini ya ziwa lenyewe, kina cha zaidi ya mita 500, na hakuna mgodi wa chumvi wa chini ya ardhi ulio mkubwa kuliko huo duniani. Walitafuta kitakacholiendesha gari, Mungu akawapa kitakacholila.

Chumvi ya namna hiyo ndiyo inayomwagwa barabarani kila theluji inapoanguka. Jiji la Toronto peke yake hutumia zaidi ya tani 100,000 kwa msimu wa kawaida. Juu ya lami inatuepusha na kuteleza, na shukrani tunaipa. Chini ya gari, mahali asipoinama mtu, ndipo Mheshimiwa Kutu huzaliwa na kulelewa.

Sifa yake ya kwanza ni uadilifu. Mlinganishe na bima. Kampuni ya bima, kabla haijakutajia bei, itataka kujua unakaa wapi, na mkazi wa Brampton asiyewahi kugusa hata kioo cha mwenzake atalipa zaidi ya mtu wa mji mwingine, kwa sababu ya anwani tu. Kutu haina anwani. Inakula Mercedes ya Rosedale kama inavyokula Corolla ya Rexdale, bila kuuliza umeingia nchi hii lini wala leseni yako ina umri gani. Ford ilitoa F-150 ya modeli ya 2015 yenye bodi ya alumini, watu wakadhani wameikomoa. Chasisi ilibaki ya chuma. Mheshimiwa alipiga hodi huko, akakaribishwa.

Sifa ya pili ni ulinzi. Mwaka 2023 magari zaidi ya 12,000 yaliibwa Toronto. Wezi walivizia Lexus RX, Honda CR-V na Toyota Highlander, wakanasa mawimbi ya funguo zilizolala ndani ya nyumba, na mengi ya magari yaliyoibwa Ontario yakapakiwa makontena kuelekea bandari ya Montreal. Mwaka 2024 ofisa mmoja wa polisi aliwashauri wananchi kwenye mkutano waache funguo karibu na mlango wa mbele, ili mwizi asipate sababu ya kuingia ndani. Mwenye gari lililotoboka matao ya matairi aliusikia ushauri huo, akageukia upande wa pili, akaendelea kulala. Hakuna genge litakalolipia kontena kusafirisha kitu kinachomwaga unga mwekundu kikipigwa kofi.

Sifa ya tatu ni ya uchumi. Hapa mikopo ya gari ya miaka saba ni jambo la kawaida, na wauzaji hukutajia rejesho la mwezi tu ili jumla usiitazame. Gari linashuka thamani tangu siku linapotoka dukani, lakini mng'ao wake unaificha habari hiyo. Kutu haifichi. Inakuja na risiti: leo ekzosi, kesho saspensheni, keshokutwa fundi anakuita uje uangalie mwenyewe, na sauti yake imekuwa ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Hapo ndipo mwenye gari anapochukua kalamu, akajumlisha mkopo, bima, petroli, maegesho na matengenezo, na kwa mara ya kwanza akatamka maneno "basi la TTC" bila dharau.

Sifa ya nne nisingependa kuirefusha, lakini haki ni haki. Ontario haina ukaguzi wa kila mwaka kwa magari binafsi. Cheti cha usalama hutakiwa hasa gari linapobadilisha mmiliki, nacho kinadumu siku 36. Kipimo cha moshi kilifutwa mwaka 2019. Basi miaka yote iliyobaki mkaguzi ni kutu peke yake. Inazipitia paipu za breki taratibu, inchi kwa inchi, na ikimaliza inatoa taarifa mara moja tu: unakanyaga pedali, mguu unafika sakafuni. Watu wenye hofu huona hilo ni tatizo. Hulipa gari lipuliziwe oili chini kila vuli, huliosha uvunguni Februari hali ya hewa ikilegea kidogo, na humwomba fundi azitazame paipu hizo kila anapobadilisha matairi ya baridi. Wanamkosea adabu Mheshimiwa, na magari yao yanazeeka bila kujifunza chochote.

Siwezi kuwazuia. Ila naomba itifaki moja izingatiwe na kila anayekwenda kununua gari lililotumika Scarborough au Etobicoke. Muuzaji atakusifia rangi, redio na kilomita chache. Msikilize, kisha weka kadibodi chini, lala chali na tochi mkononi, ukamsalimie Mheshimiwa kabla ya kutaja bei. Gonga vizingiti vya milango kwa kidole. Pakilia kama puti, hapo yumo na amevalishwa. Muuzaji akikuzuia usilale, shukuru, panda basi.